Kutoa upepo kwenye breki za Hilux ya zamani kwa bomba la shinikizo

Dereva wa Lushoto:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina Toyota Hilux ya dizeli ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, yenye diski mbele na dramu nyuma, ambayo hushusha mboga kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo. Siku hizi nikikaribia Mombo pedeli huanza kulegea na kuzama, lakini gari likishapoa hurudi karibu na hali yake ya kawaida. Mafuta ya breki yamekuwa meusi kabisa. Nakusudia kuyabadilisha yote nyumbani na kutoa upepo bila msaidizi wa kunikanyagia pedeli, kwa kutumia bomba la mkono la kupulizia dawa, lililounganishwa na mfuniko wa kikopo cha mafuta cha masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedeli. Je, njia hii inafaa kwa gari la umri huu? Shinikizo liwe kiasi gani, na nianzie tairi lipi?

Fundi Mstaafu:

Ndugu yangu, kwanza nakuomba usilishushe tena gari hilo mlimani kabla ya kulitengeneza. Pedeli inayolegea breki zikipata moto na kurudi zikipoa ni dalili ya mafuta yanayochemka. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka: DOT 3, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kufikia asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa kinashuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo nguvu ya mguu wako haifiki kwenye matairi.

Njia ya bomba inafaa, na kwa gari la zamani naipenda kuliko ile ya kukanyaga. Mipira iliyo ndani ya masta silinda imezoea kutembea sehemu fupi tu ya silinda, na mbele ya hapo kutu na uchafu hujikusanya. Msaidizi anapokanyaga pedeli hadi chini, mipira hiyo inasukumwa juu ya kutu na inaweza kuchanika, ndiyo maana masta silinda nyingi hufa mara tu baada ya breki kutolewa upepo. Bomba linasukuma mafuta bila pedeli kuguswa.

Shinikizo liwe kati ya PSI 10 na 15, wala lisizidi 20, kwa kuwa kikopo cha plastiki cha umri huo kinaweza kupasuka. Kabla ya kutia mafuta kwenye bomba, pampu upepo mtupu na uangalie kama geji inashuka. Mfuniko unaovuja ni heri uujue wakati huo kuliko mafuta yakiwa yanamwagikia rangi ya gari. Anza na tairi ambalo paipu yake ni ndefu zaidi kutoka masta silinda, ambalo kwa usukani wa kulia kwa kawaida ni la nyuma kushoto. Weka mpira mwangavu kwenye nipeli, yaani skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki ya tairi, mwisho wake uzame ndani ya chupa yenye mafuta safi kidogo, kisha fungua hadi yatoke mafuta meupe yasiyo na mapovu. Lita moja kwa kawaida inatosha gari zima. Ukimaliza, ondoa shinikizo kwenye bomba kwanza ndipo ufungue mfuniko.

Mkulima wa Korogwe:

Naunga mkono maelezo ya mzee wetu, ila juu ya bomba lenyewe nina wasiwasi. Liwe jipya. Bomba lililowahi kubeba dawa ya shambani halisafishiki kiasi cha kuaminika, na dawa nyingi huchanganywa na vimiminika vya petroli ambavyo huvimbisha mipira ya breki. Kwa sababu hiyo hiyo, tafadhali usioshe kifaa chochote cha breki kwa petroli wala dizeli, ingawa gereji nyingi hufanya hivyo, tumia spiriti. Mimi hupeleka upepo peke yake kutoka kwenye bomba na kuacha mafuta ndani ya kikopo, ingawa njia hii inadai uangalie kiwango mara kwa mara, maana kikopo kikikauka upepo unaingia kwenye paipu na kazi inaanza upya.

Jambo la pili: kama Hilux yako ina valvu ya kupima mzigo, inayorekebisha nguvu ya breki za nyuma kulingana na mzigo, utaiona kwenye chesisi, juu ya ekseli ya nyuma, ikiwa imeunganishwa na ekseli kwa fimbo ya chuma. Ukiinua gari kwa chesisi, ekseli ikaning'inia, valvu inadhani gari halina mzigo na inaweza kubana njia ya nyuma. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe. Valvu hiyo nayo ina nipeli yake, na mafundi wengi huiruka.

Dereva wa Lushoto:

Nashukuru sana. Nimefanya kama mlivyoelekeza, kwa bomba jipya, na mafuta yanatoka safi kwenye nipeli zote. Pedeli sasa ni ngumu, lakini mkanyago wa kwanza unakwenda mbali, na wa pili unakuja juu. Je, bado kuna upepo?

Fundi Mstaafu:

Upepo hufanya pedeli ilainike na kudunda. Hiyo yako inaonyesha breki shuu za nyuma ziko mbali na dramu. Zungusha nyota ya kurekebishia, kupitia tundu lililo nyuma ya dramu, hadi tairi likwaruze kidogo, kisha irudishe kiasi tairi lizunguke bila kukwama. Baada ya hapo washa injini na uikandamize pedeli kwa nguvu ya wastani kwa muda wa nusu dakika. Kushuka kidogo injini inapowaka ni kazi ya buusta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu, lakini ikiendelea kuzama polepole na hakuna mahali panapovuja nje, mipira ya masta silinda imekwisha, na hapo bomba halitakusaidia.