Meno yaliyochomoza kwenye fomu ya nusukaputi: mnaandikaje?

Mwanafunzi_Usingizi: Shikamooni wakubwa. Niko mafunzoni kwa vitendo, mkoa wa Arusha. Jana nilimpima mama wa miaka 40 anayetolewa uvimbe wa kizazi. Meno yake ya juu yamechomoza, nikaandika "meno si mazuri". Msimamizi akanirudishia fomu: "Si mazuri kwa nani? Unamtafutia mchumba?" Wodi nzima ikacheka. Nyie mnaandikaje?

Bi_Nusukaputi: Marahaba mwanangu. Msimamizi yuko sahihi, ingawa angekuita pembeni.

Mwambie aumanishe magego na kumeza mate, ndipo umpandishe mdomo wa juu. Ukisema "nionyeshe meno" tu, wengi husogeza taya mbele, nawe unaandika uongo. Angalia meno ya juu yametangulia ya chini kwa kiasi gani (milimita 2 hadi 3 ni kawaida), halafu yameyafunika kwa kiasi gani kushuka chini. Hayo ni mambo mawili tofauti, usiyachanganye. Kisha ajaribu kuung'ata mdomo wa juu kwa meno ya chini. Asiyeufikia kabisa, kumpitisha mpira wa kupumulia kooni kunaweza kuwa kazi. Mwite mkubwa kabla dawa haijaingia mshipani. Vaa glavu, uguse kila jino la mbele kwa kidole. Laringoskopu, kile kifaa cha kumulikia koo, ikiegemea meno ya juu, mara nyingi linaloumia ni namba 21, la mbele kushoto kwa mgonjwa (11 ni jirani yake wa kulia).

Mimi ningeandika, kwa mfano: "11 na 21 yamechomoza, mm 8 mbele ya ya chini, hakuna linalocheza, kinywa hufunguka vidole 3, hana meno bandia." Mwanya nao uandike, lakini si kasoro. Ni uzuri wake, asije akazinduka akasema mmempanulia!

Daktari_Kinywa: Kwa huko Arusha, angalia pia meno ya kahawia ya floraidi ya maji. Yakiwa na vishimo humeguka kirahisi, kwa hiyo yaandike mapema. Na mzee wa Kimaasai mwenye pengo la mbele chini, muulize kwanza. Huenda yaling'olewa kimila utotoni.

Mwanafunzi_Usingizi: Asanteni. Nimerudi kwa mama na glavu. Bi, ile "hakuna linalocheza" nimeifuta: 21 linacheza. Aling'ata mfupa wa mbuzi Pasaka, akaona aibu kusema. Daktari wa meno anamwona kesho asubuhi.