Naomba ushauri: sauti inaachana na midomo kwenye video ya sendofu

Wakuu, habari za usiku. Nina video ya sendofu niliyopiga kwa kamera ndogo ya mkononi, na simu nikaiegesha upande wa pili wa ukumbi. Sauti nilichukua kwa rekoda iliyochomekwa kwenye mikisa ya DJ, maana maiki ya kamera ilikuwa inakula makelele ya spika tu.

Mwanzoni mambo safi. Nimelinganisha kwa kofi la MC, viganja vinakutana na mlio hapo hapo. Lakini kadiri video inavyokwenda, sauti inabaki nyuma. Dakika ya 40 mama wa bibi harusi ameshafunga mdomo ndipo "mwanangu" linasikika! Ni kama sekunde 2 na nusu. Nikiisogeza sauti ikae sawa mwisho, mwanzo unaharibika.

Kamera imerekodi fremu (picha) 29.97 kwa sekunde, mradi kwenye programu ya kuhariri niliufungua kwa 30. Tofauti ni kama 1 kwa 1,000, na dakika 40 ni sekunde 2,400, kwa hiyo hesabu inakaribia kabisa. Ndiyo mchawi wangu?

Ya simu ndiyo kichaa: mara inawahi, mara inachelewa, nadhani kwa sababu idadi ya fremu zake inapandashuka. Niipitishe kwanza HandBrake (programu ya kubadilisha video) ili fremu ziwe za kudumu, au nianze mradi upya kwa 29.97? Kompyuta yangu ni mzee, jaribio moja linakula usiku mzima, na bibi harusi ameshaanza kupiga simu.