MJADALA: Shule itafute fedha za kumwonyesha msanii kwenye skrini, au imwite aliye jirani?

Mleta mada, mwalimu wa sekondari, Morogoro

Tangu mitaala mipya ilipoanza kutumika Januari 2024 na elimu ya amali ikapewa mkondo wake katika sekondari, sanaa bunifu ikiwa miongoni mwa fani zake, zipo shule zilizojikuta na somo lakini hazina fundi wa kulifundisha. Kipindi hukabidhiwa mwalimu wa Historia au Kiswahili ambaye sifa yake pekee ni kuongoza kwaya ya Jumapili, naye hufanya awezavyo kwa kuandika ubaoni maana ya sanaa, aina za sanaa na umuhimu wa sanaa, mpaka muhula unakwisha bila mwanafunzi kumwona mtu hata mmoja anayelipa kodi ya nyumba kwa brashi au kwa patasi. Mimi ni mmoja wa walimu hao, kwa hiyo simsengenyi mtu.

Hoja yangu ni kwamba halmashauri zitenge fedha ili kila shule yenye mkondo huo iunganishwe, walau mara mbili kwa muhula, na msanii aliye kazini, kwa video mubashara ambayo wanafunzi wanauliza na msanii anajibu papo hapo akiwa karakanani kwake. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa 1981, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Lakini kutoka Sumbawanga hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,000, na simjui mkuu wa shule atakayepakia wanafunzi 40 kwenye basi kwa safari hiyo ili wakamwone mpiga marimba. Vifaa vya video navyo vipo: vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na vingine vinatumika leo kupigia picha za harusi.

Sidai kwamba skrini itamfundisha mtoto kuchonga. Ninachokitafuta ni majibu ya maswali ambayo kitabu hakiyagusi: kinyago kikipasuka siku ya mwisho, hasara ni ya nani, bei hupangwaje mnunuzi anapokuwa mtalii, na hupangwaje anapokuwa shemeji yako, picha ambayo haikununuliwa kwa miaka mitatu, unaifanya nini, na nyumbani walisema nini ulipowaambia kwamba hutaki kazi ya ofisini. Kijana anayeingia mkondo huu akiwa bado mdogo anastahili kuyasikia hayo kwa mtu ambaye vumbi la kazi halijamtoka mikononi.

Mchonga vinyago, Mwenge, Dar es Salaam

Mwalimu, nimekusoma kwa makini na naomba tutofautiane. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini huzama, na kijana anayeushika kwa mara ya kwanza hushtuka kabla hajauliza lolote. Mshtuko huo ndio somo la kwanza, na kwenye skrini gogo halina uzito. Baadaye hujifunza kusikiliza: tezo likigonga mahali penye ufa uliojificha, mlio hubadilika, nasi tuliokulia katika kazi hii huuzuia mkono hapo hapo kabla akili haijajua kilichotokea. Vinyago vya ujamaa, vile vyenye watu waliobebana kutoka chini hadi juu, mimi sivichori kwanza kwenye karatasi; ninalifuata gogo lilivyopinda, nikiangalia ganda jeupe linaishia wapi na moyo mweusi unaanzia wapi. Nitalielezaje hilo kwa vijana 60 wanaoniona nikiwa na ukubwa wa kiganja?

Kuna jambo la pili linaloniuma zaidi. Wanafunzi wenye sare hupita mbele ya vibanda vyetu kila asubuhi, na kwa miaka yote niliyokaa hapa hakuna mwalimu aliyewahi kuniomba niwapokee hata kwa nusu saa. Leo nasikia zinatafutwa fedha ili nionekane kwa mtandao.

La tatu ni malipo. Shule moja, ambayo sitaitaja, iliniomba nizungumze na wanafunzi wake kwa simu ya video. Nikaiacha kazi ya mteja, nikazungumza kwa saa moja na nusu, nikalipwa makofi. Miezi kadhaa baadaye mwanangu alinionyesha kipande cha mazungumzo hayo kikizunguka katika makundi ya WhatsApp, kikiwa na jina la mtu mwingine juu yake. Naambiwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawalinda watu wa kazi zetu. Nitafunga kibanda siku ngapi nikaitafute haki hiyo?

Mwalimu wa muziki, Unguja

Shikamoo mzee wangu wa Mwenge. Nakuunga mkono katika malipo, lakini katika mengine naona suala linategemea sanaa yenyewe, na naomba nieleze kwa upande wa muziki, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba muziki ndio unaofaa zaidi kwa video, kumbe ndio unaosumbua kuliko yote.

Sauti inayosafiri kwa mtandao huchelewa. Wapigaji wawili wakitenganishwa na ucheleweshaji unaozidi takriban sehemu 30 za elfu za sekunde, kila mmoja huanza kumsubiri mwenzake, na mwendo unalegea mpaka wimbo unakufa. Na simu ya video ya kawaida huchelewa kuliko hapo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Dodoma hawezi kumwitikia mwimbaji aliye Unguja, wala kupiga udi pamoja naye. Halafu programu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaozungumza vikaoni, na zina kichujio kinachokata kila kinachodhaniwa kuwa kelele: niliwahi kupiga ngoma ya msondo mbele ya kompyuta, na darasa la upande wa pili likaniona nikitikisa mikono kimyakimya kama mtu anayefukuza nzi. Kichujio hicho huzimwa katika mipangilio ya sauti, na ni vyema mwalimu afanye hivyo kabla wanafunzi hawajaketi.

Hata hivyo siitupi hoja ya mleta mada. Hapa Zanzibar tuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy (DCMA) tangu 2002, na kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kilichoanza 1905. Mwanafunzi wangu anavuka barabara tu kumfikia mpiga fidla. Wa Bara hana barabara hiyo. Kilichonifaa mimi ni kurekodi vipande vifupi mapema, vikatumwa shuleni, wanafunzi wakavisikiliza kwa wiki nzima na kujaribu, kisha muda wa mubashara ukaachiwa mashaka yao tu. Anayepiga huwa mmoja kwa zamu, na wengine husikiliza. Dakika 40 zinatosha. Zikizidi, ni bando linaloteketea.

Mkuu wa shule ya kata, Kigoma

Nitakuwa mfupi. Fedha ya bando la kipindi kimoja kwangu ndiyo fedha ya rangi na mbao laini za muhula. Nikilazimishwa kuchagua, nitanunua rangi. Umeme nao hauna adabu, hukatika msanii anapofika mahali patamu. Kama mleta mada ana fungu jingine lisilogusa rangi yangu, nitampokea hata msanii wa mbinguni.

Mleta mada

Nawashukuru wote, na nakiri kwamba nilianza na kifaa kabla ya kuanza na mtu. Aliyoyasema mzee wa Mwenge kuhusu vibanda yameniaibisha, maana hata hapa Morogoro nimejiuliza ni wachoraji wangapi wa mabango ninaowapita njiani kuja shuleni. Naibadilisha hoja: shule yenye msanii ndani ya mwendo wa miguu au wa daladala moja isipewe hata senti ya video mpaka imemwita huyo. Fungu liwe la halmashauri, wala lisichukuliwe kwenye vifaa vya shule. Ruhusa ya kurekodi iwe kwa maandishi, msanii akitia saini ya matumizi anayoyakubali na anayoyakataa.

Hata hivyo, kuna mahali sirudi nyuma. Katika mijadala ya namna hii hutajwa mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyefundisha bila skrini yoyote: wanafunzi wake wachache, baadhi yao jamaa zake, walikaa kando yake Oysterbay wakimtazama akipaka rangi zake za kung'aa juu ya vipande vya ubao wa kushindiliwa (hardboard), na alipofariki 1972 wao ndio waliouendeleza mtindo huo. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana nauliza: ni nani aliyeweza kukaa kando yake? Aliyekuwa Dar es Salaam. Tingatinga mwenyewe alizaliwa Tunduru, na mtoto aliyebaki Tunduru hakupata nafasi ya kujua kwamba mtu wa kwao amezaa mtindo unaobeba jina lake. Mtoto wa Tunduru wa leo akipewa kipande cha mbao, kopo la rangi, wiki tatu za kuharibu, kisha saa moja ya kumuuliza mchoraji wa Oysterbay kwa nini twiga wake amekataa kusimama, sioni anachopoteza. Nauli ya kumpeleka mchoraji huyo Tunduru, pamoja na malazi na siku za kazi atakazokosa, nayo ihesabiwe kabla hatujasema kwamba video ni ghali.

Mzee wa Mwenge, kama hutachoka nasi, tuandikie hapa kiwango unachokiona ni cha haki kwa saa moja.

Mchonga vinyago, Mwenge

Mwalimu, saa moja mbele ya kamera hula nusu siku, kwa sababu nitafagia kibanda, nitatafuta mahali penye ukimya, na nikimaliza mkono utakuwa umepoa. Nilipwe nusu siku ya kazi, kwa bei ya mteja wa kawaida, fedha iingie kabla. Vipande vya mpingo, hata mabaki, vitangulie shuleni wiki mbili mapema, nitavituma mimi kwa basi na mtalipia mzigo. Na shule iliyo upande wa pili wa barabara yangu ije kwa miguu siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana, hiyo sitaitoza.