Tupeane uzoefu: uliwahi kukosa pa kulala? Mbona kwingine wanaolala nje wanazidi na kwingine wanapungua?

Mama Kaptembwo (mwenye mada)
Hamjambo nyote. Nimetoka matangani Busia, nikashuka stendi ya Nakuru kabla hakujapambazuka. Chini ya varanda za maduka kulikuwa na watu wamelala, na hawakuwa wale vijana wa chupa za gundi tuliowazoea. Mama, baba, watoto wa shule wamefanya sare zao mto, sufuria na jiko kando. Kule nilikotoka watu wana dhiki kutushinda. Nyumba za udongo, muhogo asubuhi na muhogo jioni, na bado sikuona mtu hata mmoja anayelala nje. Dhiki iko kwao, kulala nje kuko kwetu wenye lami na maghorofa. Linanisumbua hili. Waliopitia naomba mseme: ni nini kilikutoa ndani, na ni nini kilikurudisha? Msiandike mliyosikia, andikeni mliyoyaona.

Jamaa wa Obunga
Dipoziti, mama. Mtu wa kibarua anaweza kulipa kodi kidogo kidogo, leo mia mbili, kesho mia tatu, mwenye ploti akimvumilia. Siku akifungiwa na kuambiwa aondoke, chumba kingine anadaiwa kodi ya mwezi, dipoziti ya mwezi mwingine, na ya stima juu yake. Pesa ya kukaa ndani alikuwa nayo. Ya kuingia ndiyo hana. Hapo ndipo watu wanalala nje "kwa siku mbili tu", na siku mbili zinakuwa mwaka.

Mkaanga Samaki, Kondele
Kweli kabisa.

Nyar Ahero
Nilikuwa nimeapa sitaandika, lakini hiyo ya Busia imenigusa, kwa sababu mimi nilitolewa ndani nikiwa kijijini, si mjini.

Kwetu ni Kano, upande wa Mto Nyando. Mafuriko tumezaliwa nayo. Maji yanakuja, tunapanda barabarani na kuku na magunia, yanashuka, tunarudi kukandika upya. 2020 yalikuja vingine kwa sababu ziwa nalo lilikuwa limejaa, maji ya mto yakakosa pa kwenda. Nyumba yangu iliyeyuka. Asubuhi kulikuwa na mabati yamelala juu ya tope, basi. Tukahamia shule ya msingi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, kwa hiyo tuliishi darasani familia kadhaa, madawati tumeyapanga kuwa ukuta. Zilipofunguliwa tukaambiwa tutoke, na ni haki, watoto wasomee wapi?

Wenzangu wakarudi kujenga. Mimi sikuweza. Mume wangu alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla, na kwetu mjane hajijengei. Lazima awepo mwanamume wa kumjengea, jater, yaani anayemrithi mjane, na wangu alikuwa amechaguliwa na wakubwa wa boma bila mimi kuulizwa. Nikakataa. Shemeji akasema kama hutaki, hakuna nguzo itakayosimama hapa, utatuletea chira, laana ya kuvunja mwiko. Shamba lipo. Kaburi la mume wangu lipo. Mimi na binti zangu ndio hatupo.

Nikaja Kisumu, chumba cha mabati Manyatta, nikauza omena, dagaa wa ziwani. Kodi ilipochelewa, mwenye ploti hakupiga kelele. Alimtuma fundi aje ang'oe mlango. Mlango tu, vitu vyangu hakugusa. Usiku ule ulikuwa mbaya kuliko wa mafuriko. Maji huja kwa wote, mnakimbia pamoja, mnaitana majina. Pale majirani walikuwa wamejifungia, nawasikia wakikohoa, na mimi nimekaa penye mlango na panga mapajani, binti zangu nyuma yangu, mkubwa ana miaka 13. Wanaume wanapita wakitoka kwenye chang'aa, wanasimama, wanachungulia. Hakuna aliyesema neno. Ningepata nafuu kama wangesema. Alfajiri tukaondoka wenyewe, ndipo nikaelewa kwa nini aling'oa mlango. Hakuna anayeweza kusema nilifukuzwa.

Tukalala sokoni chini ya meza za samaki. Kilichonirudisha ndani ni chama cha wenzangu wa omena. Walinilipia dipoziti, nikawarudishia kila juma mpaka ikaisha. Si serikali, si kanisa. Chama.

Mkaanga Samaki, Kondele
Pole sana dada. Mimi pia niling'olewa mlango. Jirani yangu waliezua mabati mvua ikinyesha.

Mama Kaptembwo
Nimelia. Huyo binti mkubwa yuko salama?

Mzee wa Ugenya
Binti yangu, pole. Lakini msichafue mila kwa sababu ya shemeji mmoja mwenye tamaa. Mama ameuliza kwa nini Busia na Siaya watu hawalali nje. Jibu ni hiyo hiyo mila. Mvulana akikua anajengewa simba, nyumba yake ya ujana, ndani ya boma la babake, hakuna anayeuliza kama ana kazi. Akifutwa Nairobi anapanda basi anarudi. Akishindwa na maisha anarudi. Ninyi wa Nakuru wengi mmekaa kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Vijana wenu watarudi wapi?

Nyar Ahero
Kwa heshima mzee. Simba hujengewa mvulana. Mimi nina wasichana.

Wakili wa Mtaa, Kakamega
Dada, mahakama haijui jater. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mjane na watoto ndio wa kwanza, na binti ni mtoto sawa na mvulana. Anayejigawia mali ya marehemu kabla ya mahakama kutoa usimamizi anafanya kosa, soma kifungu cha 45. Tafuta cheti cha kifo na barua ya chifu inayowataja warithi, uende mahakamani.

Mzee wa Ugenya
Mahakama itatoa karatasi. Haitakuja kuishi naye bomani. Atachota maji na nani?

Wakili wa Mtaa, Kakamega
Afadhali kukosa wa kuchota naye maji kuliko kukaa na panga mapajani penye mlango usiokuwepo, mzee wangu.

Mwalimu Mstaafu, Njoro
Mnapigana bure, wote mna kweli. Niwarudishe 2008, baada ya ghasia za uchaguzi. Nilifundisha watoto katika hema, uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Kwa hesabu ya serikali waliong'olewa nchi nzima walipita 600,000. Mei mwaka ule ikaja Operesheni Rudi Nyumbani, kila kaya ikaahidiwa 10,000 za kuanzia, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Sasa tazameni nani alirudi. Mwenye shamba na hati alirudi, hata kama kwa hofu, akaezeka turubai juu ya kuta zilizoungua. Aliyekuwa mpangaji Burnt Forest, aliyekuwa na kibanda cha kinyozi Kisumu, huyo aliambiwa arudi nyumbani na nyumbani kulikuwa chumba cha mtu mwingine ambacho kilishapata mpangaji. Ndio waliobaki kambini miaka. Wengine waliungana vikundi, wakachanga zile 10,000, wakanunua vipande vya ardhi Maai Mahiu. Kavu, upepo, lakini vyao. Na hawa hawalali varandani leo. Wanaolala varandani wengi ni watoto wa waliokula ile pesa kwa kodi. Siwalaumu. Ungefanya nini na mtoto analia?

Mkazi wa Mwariki
Sisi tulikuwa na hati mwalimu. Ziwa Nakuru lilipanda likaifuata nyumba. Hati iko kabatini kwa dada yangu, ploti iko chini ya maji. Waulize pia wa Kihoto kule Naivasha.

Mwalimu Mstaafu, Njoro
Hilo sina jibu lake. Poleni.

Mfanyabiashara, Kisumu Mjini
Niseme ukweli hata kama mtanichukia. Wengi ni gundi na uvivu. Kila asubuhi naosha kinyesi mlangoni pa duka. Nimewapa kazi, wanafanya hadi saa sita wanapotea. Kuna miji imeamua na ikapunguza. Kisumu tunawabembeleza ndio maana wanajaa.

Skrepu, Langas
Bosi, nimekusoma. Mimi ni mmoja wa hao. Niliingia mtaani nikiwa darasa la nne, mama alikufa, baba wa kambo hakunitaka. Gundi sikuifuata, niliikuta. Ni ya baridi, na ni ya njaa, chupa ni rahisi kuliko chakula. Anayekwambia chokoraa alitoka nyumba nzuri akafuata gundi hajawahi kulala besi, kijiweni kwetu mtaani.

Nikueleze jinsi miji "inavyopunguza". Kulikuwa na mkutano mkubwa unakuja katika mji nisioutaja. Usiku kanjo, askari wa mji, wakaja na lori. Tulidhani ni kwenda seli, tumezoea, asubuhi unaachiliwa. Lori likapita kituo cha polisi. Likapita mwisho wa mji. Tukaanza kupiga mabati na kupiga kelele, hakuna anayesikia. Likaingia msituni, kaunti nyingine kabisa, mvua inanyesha. Wakafungua nyuma wakasema shukeni, kwenu ndio huku. Tulikuwa wakubwa kwa wadogo, kuna msichana alikuwa na mtoto mgongoni. Giza la pale ukinyoosha mkono huuoni. Tukashikana mashati mstari mmoja tukafuata mlio wa malori ya barabarani, tukiupoteza tunasimama mpaka urudi. Kulikuwa na kijana mguu wake mbovu, tulimwita Kasuku. Alisema tangulieni nitawafikia. Hakutufikia. Tulirudi kumtafuta kulipokucha, tukaita, tukaita. Mpaka leo sijui.

Tulipofika barabarani tukatembea hadi mji wa pale karibu. Wenye maduka wa pale wakaanza kulalamika kwamba machokoraa wameongezeka. Na kule tulikotoka walikuwa wanapongezana mji umekuwa safi. Ni sisi wale wale, bosi. Hakuna aliyepungua ila Kasuku.

Mama Kaptembwo
Mungu wangu.

Jamaa wa Obunga
Ni mji gani? Taja.

Dereva wa Nganya
Huyo Kasuku jina lake halisi ni nani? Mlipiga ripoti?

Skrepu, Langas
Ripoti kwa nani? Kwa waliotubeba?

Mkaanga Samaki, Kondele
Si ni ile ya msitu wa Chemasusu?

Skrepu, Langas
Hapana, yangu ilikuwa miaka kabla ya hiyo. Ndio maana nilipoisikia hiyo kwenye redio nilizima.

Mwalimu Mstaafu, Njoro
Kwa wasiojua: Februari 2019 watu wa mtaani walibebwa usiku kutoka mji wa Nakuru wakaachwa msitu wa Chemasusu, Baringo. Ilifika hadi Seneti. Na mwaka mmoja kabla ndipo serikali ilikuwa imehesabu familia za mtaani nchi nzima ikapata watu 46,639, zaidi ya 15,000 kati yao Nairobi, Mombasa ikifuata. Sasa fikiria hesabu ifanywe usiku ambao lori limeshapita. Kaunti moja itajisifu, jirani yake itaitwa ovyo.

Mfanyabiashara, Kisumu Mjini
Sijasema watu watupwe msituni. Kijana, pole kwa hayo. Bado nauliza, na mimi ninayeosha mlango nifanye nini?

Dada wa Vihiga, Houston
Naandika nikiwa Marekani. Nafanya kazi ya kutunza wazee. Huku nako swali la mama linaulizwa kila mwaka. Januari 2024 walihesabu zaidi ya watu 771,000 wasio na makao nchi nzima, na California peke yake ilikuwa na zaidi ya 180,000. Hapa Houston wamepungua zaidi ya nusu tangu 2011. Si kwamba Houston kuna watu wema. Ardhi iko tele, kujenga nyumba za kupangisha hakuna vizuizi vingi, kodi haijapaa vile. Na mashirika yaliacha kila mmoja kuvuta kwake, wakawa na orodha moja: mtu anatolewa nje anapewa ufunguo kwanza, mambo ya pombe na dawa yanafuata akiwa ndani. Kuna jimbo linaitwa West Virginia, watu wanakufa kwa dawa za kulevya kuliko karibu kote nchini, na maskini kabisa, lakini wanaolala nje ni wachache ukilinganisha na California tajiri. Kodi yao iko chini. Bosi wa Kisumu, ingekuwa ni dawa tu, West Virginia ingekuwa imejaa barabarani.

Mfanyabiashara, Kisumu Mjini
Marekani si Kondele.

Jamaa wa Obunga
Ni Kondele kabisa. Chumba kikipanda kuliko kibarua, watu wanatoka nje. Tuliona hapa, barabara ilipopanuliwa na ploti zikabomolewa, waliobaki wakaongeza kodi mwezi uo huo.

Dereva wa Nganya
Ushauri wangu kwa vijana: oeni mwanamke mwenye ploti. Nacheka lakini ndivyo nilivyookoka.

Mkaanga Samaki, Kondele
Ushauri wangu ni kinyume, usimtegemee mwanamume wala mwanamke. Weka dipoziti ya pili kwenye chama na usiiguse hata mtoto akiugua. Hapana, akiugua iguse. Lakini irudishe.

Mzee wa Ugenya
Rudini nyumbani mlime.

Mkazi wa Mwariki
Walime wapi mzee, chini ya maji?

Wakili wa Mtaa, Kakamega
Kabla hatujapotea. Walio kwenye vyumba vya kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi wana baraza lao la kesi za kodi, na kung'oa mlango ili mpangaji atoke ni kosa, hata kama anadaiwa. Piga picha mlango ukiwa hauko. Nyar Ahero, vipi kile cheti cha kifo?

Nyar Ahero
Kiko kwa shemeji. Alikichukua siku ya mazishi akasema ni cha kutunza. Na Mama Kaptembwo, nimeona swali lako. Binti yuko salama, yuko kidato cha tatu.

Wakili wa Mtaa, Kakamega
Usimwombe. Nenda ofisi ya msajili wa vizazi na vifo, utoe nakala yako kwa jina la marehemu na kitambulisho chako. Halafu chifu. Akikataa kukuandikia barua niambie hapa hapa, mahakama inaweza kumwita.

Mzee wa Ugenya
Chifu wa pale Kano namfahamu babake. Nitumie ujumbe binafsi, binti. Sijasema nimekubali hayo ya mahakama.

Skrepu, Langas
Kuna mtu aliwahi kumwona kijana anaitwa Kasuku, mguu wa kulia umepinda, sasa atakuwa mtu mzima? Yeyote wa Eldama Ravine, Marigat, Mogotio. Naulizia tu.