Naomba ushauri: transista kama amplifaya inanichanganya

Habari zenu wakuu. Nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa pili. Sheria za Ohm na Kirchhoff nazimudu, dayodi pia, ila transista ndiyo imenikwamisha. Nimeunga transista ya BC547 kwenye bredibodi (ubao wa kuunga saketi bila kulehemu) kwa betri ya volti 9, na rezista mbili za kugawa volti kwenye besi (mguu unaoiongoza transista). Kati ya kolekta na emita (miguu yake mingine miwili) napima volti 0.2 tu, yaani transista imefunguka yote, na sauti inatoka inakwaruza. Nataka ikae karibu volti 4.5 ili mawimbi yapate nafasi juu na chini. Je, naanza kuchagua mkondo wa kolekta au rezista ya emita? Mtihani nafaulu, lakini natamani sana kuielewa saketi yenyewe. Oskiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi) sina, nina multimita tu. Waliopita huku, mlianzaje?