Mjadala: Mtoto wa P7 apimwe stadi za kuokoa maisha kabla ya kupewa cheti?

Mleta mada, Busia

Naweka hoja mezani, ipigwe. Mtoto wetu hapa Uganda anamaliza P7, darasa la mwisho la msingi, kwa mitihani minne ya PLE, mtihani wa taifa: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na SST (maarifa ya jamii). Kwenye Sayansi atakuchorea moyo na vyumba vyake vyote. Mpe maji, sukari na chumvi umwambie akuandalie dawa ya mtoto anayeharisha, anabaki anakutazama. Napendekeza asipewe cheti mpaka atende mambo manne mbele ya mtahini: achanganye maji ya chumvi na sukari, asafishe maji ya kunywa, aelee majini dakika moja, na akandamize kifua cha mtu aliyeacha kupumua (mdoli utatosha). Dakika 20 kwa mtoto. Anayepinga aseme kwa nini.

Mwalimu wa darasa kubwa

Napinga, na naanza na hesabu. Watoto 90 mara dakika 20 ni dakika 1,800, yaani saa 30. Mtahini mmoja akifanya saa sita kwa siku, ni siku tano kwa darasa moja la shule moja ya UPE, yaani ya msingi isiyo na ada. Analipwa na nani? Kuelea wataelea wapi, kwenye tangi la maji ya mvua?

La pili ni zito zaidi. Kinachotahiniwa hukaririwa. Utasikia watoto wanaimba "vijiko sita, nusu kijiko" kama shairi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika hicho kijiko.

Nesi, Arua

Mwalimu, hesabu yako sina ubishi nayo. Ila kuchanganya hakupimwi mmoja mmoja: watoto kumi mezani, kila mmoja na chombo chake, unapita unaonja.

Na hicho kijiko ndicho kinachoua, kwa hiyo tukitaje vizuri. Maji safi lita moja, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kinasawazishwa kwa kisu, hakiachwi na kilima juu. Kosa la kwanza ni kutumia kijiko cha kulia chakula, ambacho hubeba mara mbili au tatu ya kile cha chai. Chumvi ikizidi, inavuta maji kutoka mwilini mwa mtoto ambaye tayari amekauka, na anaweza kuingia kwenye degedege. Sukari ikizidi, anaharisha zaidi. Kabla ya kumpa mtoto, onja mwenyewe: ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga, anza upya.

Kosa la pili ni kipimo cha maji. Chupa mbili za soda za nusu lita ni lita moja. "Kikombe" si kipimo, maana kila nyumba ina kikombe chake. La tatu ni kumpa kwa pupa. Akitapika, ngoja dakika 10, halafu endelea kijiko kimoja kimoja. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Pakiti ya ORS, yaani chumvi na sukari zilizopimwa tayari, ikipatikana, hiyo ndiyo bora. Lakini soma kiasi cha maji kilichoandikwa, kwa sababu pakiti zote si za lita moja. Na dawa ya zinki isisahaulike: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Mtoto chini ya miezi sita ni miligramu 10. Akiwa hana nguvu ya kunywa, macho yamezama, au kuna damu kwenye choo, acha kuchanganya, mpeleke kituo cha afya.

Nahodha, Ziwa Kyoga

Mimi napinga hilo la kuelea, na si kwa sababu ya kukosa bwawa. Kijana aliyejifunza kuogelea kidogo ndiye anayeruka kumfuata mwenzake anayezama. Anayezama hushika chochote anachokifikia, na akikushika shingoni mnakwenda chini wawili. Ziwani utaratibu ni huu: piga kelele, nyoosha mti, tupa kitu kinachoelea. Usimfuate.

Kitu cha kutupa kila nyumba inacho. Jerikani tupu ya lita 20, kifuniko kimekazwa, hubeba karibu kilo 19 kabla haijazama. Mtu ndani ya maji hahitaji kunyanyuliwa mwili mzima, anahitaji pua na mdomo viwe juu, kwa hiyo jerikani moja inawatosha wawili wakitulia. Fungia kamba ya mita 10 hadi 15 kwenye mshikio. Weka maji kidogo ndani, kama nusu lita, ndipo utakapoirusha ikafika. Tupu kabisa hupeperushwa na upepo ikaangukia kwingine. Irushe impite, halafu vuta kamba imfikie.

Halafu kuna stadi kubwa kuliko zote, nayo ni kukataa kupanda. Boti MV Templar ilizama Ziwa Victoria tarehe 24 Novemba 2018 karibu na Mutima, Mukono, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na zaidi ya 30 wakafa ufukwe ukionekana. Ukingo wa mtumbwi ukibaki kiganja kimoja juu ya maji, shuka. Jaketi la kuokolea livae kabla ya kuondoka na ufunge vifungo vyote, kisha mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, litakutoka majini. Kulikalia kama mto, na wengi hufanya hivyo, hakukusaidii kitu.

Mleta mada

Kwa hiyo mzee wangu, mtoto wa visiwani Kalangala asijue kuogelea?

Nahodha, Ziwa Kyoga

Sikusema hivyo. Ajue kuelea chali kwanza: kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, kifua juu, mikono wazi, pumzi ijae kifuani. Maji ya kiunoni, mtu mzima kando. Wanaoshindwa karibu wote wananyanyua kichwa watazame miguu yao, na hapo hapo makalio yanazama. Kupiga mbizi na kuvuka ghuba ni mambo ya baadaye. Ila usinipe cheti cha "kuogelea" kwa dakika moja ya bwawani. Ziwa lina mawimbi, na magugu maji yanashika miguu.

Mkufunzi wa huduma ya kwanza

Kwa aliyetolewa majini bila pumzi, nidokeze jambo ambalo watu wengi wanalikosea. Usimning'inize kichwa chini, usimkandamize tumbo "maji yatoke". Unapoteza dakika, na matapishi yanaingia mapafuni. Tatizo lake ni hewa, kwa hiyo anza na hewa: rudisha kichwa nyuma, ziba pua, mpe pumzi tano. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi mbili, unaendelea hivyo. Kwa mtoto, kina ni theluthi moja ya unene wa kifua. Acha kifua kirudi juu kabla ya kukandamiza tena. Anayeegemea bila kuachia harudishii moyo damu. Viwiko vikikunjika unatumia mikono badala ya uzito wa mwili, na dakika mbili tu umechoka. Pokezaneni.

Mwalimu, mdoli si lazima. Jerikani iliyofungwa na blanketi juu yake inatosha kwa kasi na kwa mikono iliyonyooka. Kina sahihi haitakufundisha, hilo nakubali.

Dada wa Kabale

Mnazungumzia ziwa tu, na huku kwetu milimani kuna sigiri. Usiku wa baridi watu wanaingiza sigiri ya mkaa chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Mkaa ukiwa mwekundu hautoi moshi, na hapo ndipo unapodanganya, kwa sababu kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anakosa hewa akiwa anapumua vizuri tu. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kulegea. Watu wawili watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa kwa pamoja, usifikirie malaria: fungua mlango, watoe nje watu kwanza, sigiri baadaye, kisha hospitali hata kama wameanza kujisikia nafuu. Lile sufuria la maji linalowekwa kando ya sigiri "kunyonya sumu" halinyonyi chochote.

Fundi wa maji

Kwa ufupi, kwa kuwa mleta mada ametaja maji bila kusema njia. Kuchemsha: yachemke kwa nguvu dakika 1; mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama vijiji vya juu vya Mlima Elgon, dakika 3, kwani huko maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Kutumia jua: chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, bila karatasi, ilazwe juu ya bati saa 6, mawingu yakitanda, siku 2. Kipimo cha uchafu ni gazeti. Simamisha chupa juu ya kichwa cha habari, tazama kupitia mdomo wake. Usiposoma herufi, chuja kwanza, jua halitapenya. Kidonge cha klorini cha miligramu 67 ni kwa jerikani ya lita 20 ya maji yaliyo safi kwa macho, na ungoje dakika 30. Watu wanayanywa dakika ya tano wanalalamika ladha. Na jerikani yenye utando wa kijani ndani inayamaliza yote haya. Isuguliwe kwa mchanga na sabuni.

Afande mstaafu

Naona kila mtu analeta stadi ya kufanya. Nilete za kuacha. Tanki la petroli limepinduka: ondoka, tena upande upepo unakotoka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa mtaroni mpaka kwenye pikipiki ya mtu aliye mbali. Kigogwa, barabara ya Kampala–Bombo, Oktoba 2024, tanki lilipinduka likalipuka, na wengi waliokwenda kuchota waliungua. Nyoka ameuma: usikate, usinyonye, usifunge kamba, na lile jiwe jeusi la "kunyonya sumu" liache mfukoni. Kamba inakusanya sumu ya kifutu mahali pamoja, nyama inaoza. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba, mguu utulizwe kwa kijiti kama uliovunjika, mgonjwa abebwe. Asitembee.

Radi: ukihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na mngurumo, iko ndani ya kilomita 10. Ingia nyumba ya kudumu au gari la bati lenye vioo vilivyofungwa, ukae mpaka dakika 30 baada ya mngurumo wa mwisho. Chini ya mwembe usisimame. Lakini pia msidanganyike kwamba kila paa ni salama: shule ya Runyanya, Kiryandongo, Juni 2011, wanafunzi 18 walikufa wakiwa darasani, na kambi ya wakimbizi ya Palabek, Novemba 2024, watu 14 walikufa chini ya paa walipokuwa wakisali. Jengo linahitaji vipitisha radi vilivyofika ardhini. Suala la kwamba nguo nyekundu huita radi ni la kuchekea. Aliyepigwa hana umeme mwilini, mguse, na akiwa hapumui mkandamize kifua.

Mwalimu wa darasa kubwa

Afande umenipa fimbo. Mambo yote uliyotaja ni ya kuacha, na kuacha hakutahiniwi. Utampimaje mtoto kwamba hatakimbilia tanki? Ataandika "nisikimbilie", apate alama, kesho aende na jerikani kwa sababu mama yake amemtuma. Mafunzo haya yapelekwe kwenye mikutano ya LC1, baraza la kijiji, huko ndiko walipo waliowatuma.

Nesi, Arua

La mama nakubali, kwake hatuna mtihani. Lakini kuacha kunapimika, mwalimu wangu. Mpe mtoto kitu kibovu, uone kama atakikataa. Weka mezani kijiko cha supu kati ya vijiko vya chai. Mpe chupa ya maji ya tope umwambie aianike juani. Mpe jaketi lenye kifungo kilichokatika. Anayekariri atavipokea vyote, ataendelea na wimbo wake. Na hapo dakika 20 hazihitajiki, tatu zinatosha.

Mwalimu wa darasa kubwa

Dakika tatu mara 90 ni saa nne na nusu. Hiyo asubuhi moja ninayo. Lakini isiwe sharti la cheti. Mtoto wa Karamoja asiyewahi kuona ziwa asifelishwe kwa jaketi.

Mleta mada

Basi kila wilaya ichague vitu vyake vitatu: Kabale sigiri, Kalangala jaketi, Karamoja maji na nyoka. Sharti la cheti bado nalishikilia. Kisicho na sharti hakifundishwi, hilo walimu mnalijua kuliko mimi.

Nahodha, Ziwa Kyoga

Kwa Kalangala ongezeni jerikani tatu, moja ikiwa na kifuniko kilichopasuka. Na msiwaambie ni ipi.