Naomba ushauri: asidi ya salisiliki inaunguza majani ya miche ya nyanya

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa mliowahi kufanyia utafiti asidi ya salisiliki (homoni ya mimea). Napima kama inasaidia miche ya nyanya kuvumilia chumvi, napulizia milimola 1 yaani kama miligramu 138 kwa lita, na kwa vile kwenye maji baridi inasumbua kuyeyuka naiyeyusha kwanza kwenye ethanoli (alkoholi) kidogo. Shida kingo za majani zinaungua, ila miche niliyoipulizia maji na ethanoli tu iko poa kabisa, kwahiyo nahisi ni pH (kipimo cha uasidi, chini ya 7 ni asidi) ya mchanganyiko maana inasoma 3.2 hivi. Nimeshuka hadi milimola 0.5, kuungua kumepungua ila bado kupo. Je nikipandisha pH hadi 6 kwa potasiamu haidroksaidi si itapenya kwenye jani kwa shida zaidi? Au bora niimwagie kwenye mizizi?